Jinsi ya Kupima Njaa ya Ngano Ukiwa Kampala

Kwanza kabisa, hakikisha huna ngano. Kwa mtu wa Kampala sharti hili si gumu. Ngano unaila kila siku: rolex ya Wandegeya, chapati iliyozungushiwa mayai mawili na vipande vya nyanya, mandazi ya saa nne ofisini, mkate wa jioni ulioununua dirishani mwa gari ukiwa umekwama Kalerwe. Lakini ukiikuta imesimama shambani utaipita ukidhani ni majani ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya ngano ya mji huu hushuka meli Mombasa, hupanda lori, husagwa, kisha hutufikia ikiwa unga na malalamiko ya bei. Inayolimwa nchini ni kidogo, nayo iko mbali na lami yako: Kapchorwa, Kween na Bukwo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na vilima vya Kigezi kule kusini-magharibi. Umbali huo usikuhuzunishe. Ndio utakaokupa cheo. Anayeamka karibu na shamba ni mkulima. Anayeamka kilomita 300 kutoka hapo ni mshauri.

Pili, tafuta kihisi cha kupimia njaa ya ngano. Kinachojulikana zaidi kinaitwa GreenSeeker, na kipo cha kushika mkononi, chenye kishikio na kifyatuzi. Ukikiinua mbele ya watu watarudi nyuma na kutoa paji la uso, maana kinafanana na ile bastola ya kupimia joto tuliyoelekezewa kila mlangoni enzi za korona. Watulize. Hiki hupima joto la mfukoni tu. Kilipoingia sokoni bei yake ilikuwa kama dola 500 za Marekani, yaani kwa shilingi za Uganda za leo karibu milioni mbili, kabla ya usafiri na kabla ya ndugu wa forodha hajauliza ni kitu gani. Mkopo wa PDM, ule mfumo wa maendeleo wa parishi uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, ni shilingi milioni moja kwa kaya. Kwa hiyo kaya mbili zikiungana zinaweza kumiliki kihisi kimoja na kubaki bila hata punje ya mbolea ya urea. Hapo ndipo mfadhili anapoingia.

Jinsi kinavyofanya kazi ujifunze vizuri, kwa sababu utaulizwa wakati wa chai. Kinatupa miale ya aina mbili juu ya majani: nyekundu, na ile inayoikaribia nyekundu ambayo jicho haliioni. Jani lililoshiba klorofili humeza nyekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na huirudisha ile nyingine. Kihisi hulinganisha kilichomezwa na kilichorudishwa, kisha huonyesha namba kati ya 0 na 1 ambayo wataalamu huiita NDVI. Udongo mtupu hukaa chini kabisa, 0.1 au 0.2, ngano nene na ya kijani kibichi hupanda hadi 0.8 na zaidi. Na kwa kuwa naitrojeni ndiyo inayoleta klorofili na wingi wa majani, namba ndogo inaweza kuwa njaa ya naitrojeni. Neno "inaweza" ulitamke kwa sauti ya chini. Tutalirudia.

Tatu, fanya warsha, na mahali pake ni Munyonyo. Ndiko viongozi wa Umoja wa Afrika walikokutana Januari 2025 wakatoka na Azimio la Kampala, la kilimo cha mwaka 2026 hadi 2035. Kabla ya hilo lilikuwepo Azimio la Abuja la 2006, lililotaka Afrika ifikishe kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Uganda, kwa makadirio yaliyozungushwa miaka mingi katika nyaraka za serikali yenyewe, ilikuwa kwenye kilo moja hadi moja na nusu. Chukua hiyo moja na nusu uitandaze kwenye hekta: ni gramu moja kwa kila mita saba za mraba, au karibu hivyo. Weka takwimu hii kwenye slaidi ya kwanza, watu watikise vichwa, kisha nenda slaidi ya pili yenye picha ya kihisi, na usiruhusu mtu yeyote aulize slaidi hizo mbili zinahusianaje.

Kwa sababu zikihusishwa, warsha imeisha. Kihisi hiki kilizaliwa Oklahoma, Marekani, mikononi mwa William Raun na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo hilo, na kilizaliwa kwa sababu ya shibe. Mwaka 1999 Raun na Gordon Johnson walikokotoa kwamba katika nafaka zote za dunia, theluthi moja tu ya naitrojeni inayotiwa shambani ndiyo inayoishia kwenye punje. Iliyobaki hupaa hewani, huzama ardhini au hufuata mto. Huko Bonde la Yaqui, Meksiko, ambako Norman Borlaug alizalisha mbegu zake za ngano fupi, watafiti walikuta katika miaka ya 1990 mkulima wa kawaida akimwaga kilo 250 za naitrojeni kwa hekta, nyingi yake kabla hata ya kupanda, na mabaki yakiteremka hadi baharini kulisha mwani. Mtu kama huyo anahitaji kifaa cha kumwambia: bwana, inatosha. Nasi tumekichukua kifaa cha kumshika mkono anayemwaga tukakipeleka kwa mtu ambaye mkono wake hauna kitu.

Usikate tamaa lakini. Ndani ya mbinu hii kuna jambo moja lenye maana kwa mkulima wa Kapchorwa, na kazi yako kama mtaalamu ni kulifunika vizuri lisionekane. Jambo hilo ni mstari wa mfano.

Namba ya kihisi peke yake haina maana. 0.54 ni ya ngano yenye njaa, au ni ya mbegu yenye majani membamba, au ni ya shamba lililochelewa kupandwa? Raun na wenzake walilitambua hilo mapema, ndipo wakaagiza kila shamba liwe na ukanda mmoja uliolishwa naitrojeni mpaka njaa isiwepo kabisa. Ukanda huo hupimwa, shamba lililobaki hupimwa, na tofauti yao ndiyo inayozungumza. Mbegu ni ileile, mvua ileile, udongo uleule, siku ya kupanda ileile. Kilichotofautiana ni mbolea tu. Pima ukanda wa mita 2 kwa 20. Kwa kiwango cha kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, ukanda huo unataka chini ya kilo moja ya urea. Kilo moja! Inauzwa dukani kwenye kaveera, ule mfuko wa plastiki, imefungwa fundo.

Sasa ona hatari yake. Wiki chache baada ya kuutia ukanda urea unafika Kapchorwa na gari lenye nembo mlangoni, unashuka na kihisi, na mzee mwenye shamba anakupokea kwa Kiswahili safi cha watu wa mpakani. "Karibu, mwanangu. Ule mstari wako umeonekana tangu Jumapili." Anakuonyesha kwa fimbo. Kweli, ukanda mmoja umekolea kijani na umesimama, na pande zote mbili ngano ni ya rangi ya ndimu iliyoiva. "Kwa hiyo hapa kwingine kuna njaa," anasema mzee. Ukikubali hapo umejifuta kazi. Jibu ni: "Ndiyo, mzee wangu, lakini tunahitaji namba." Kisha washa kifaa.

Kuna adabu za kupima, na hizi zifuate bila mzaha. Subiri ngano imalize kutoa machipukizi na pingili ya kwanza ianze kusikika shinani ukiipapasa kwa vidole. Ukiwahi, kihisi kinaona udongo zaidi ya majani. Ukichelewa, majani yameshafunika kila kitu na namba inagota pale juu, haitofautishi tena aliyeshiba na aliyevimbiwa, na hata mbolea yenyewe imechelewa kusaidia. Shikilia kifaa kati ya sentimita 60 na 120 juu ya majani, urefu uleule mwanzo hadi mwisho, mwendo wa mtu asiyedaiwa. Mawingu si tatizo, kina mwanga wake wenyewe.

Hesabu ndiyo sehemu ya kukaa nayo, maana hapa mbinu inaonyesha akili yake. Tuseme ukanda umesoma 0.72 na shamba lililobaki 0.54. Gawanya: 1.33. Yaani ngano iliyoshiba iko mbele kwa theluthi moja. Kama shamba bila nyongeza lingetoa tani 3 kwa hekta, likilishwa lingefika tani 4. Hiyo tani moja ya ziada ina naitrojeni ndani yake: punje ya ngano ina takriban asilimia 2.4, kwa hiyo ni kilo 24. Lakini si yote unayotia inafika kwenye punje. Ukiwa na mvua nzuri na bahati, mbolea ya kukuzia hufikisha nusu. Basi unahitaji kilo 48 za naitrojeni. Urea ina asilimia 46, hivyo ni kilo 104 za urea kwa hekta, au kilo 42 kwa ekari. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha ekari na kubakiza kilo 8. Na kama ukanda na shamba vingesoma sawa, jibu lingekuwa sifuri: rudisha mfuko stoo, tatizo la shamba hili si naitrojeni. Sioni mapendekezo mengi ya kilimo yanayothubutu kumwambia mkulima asinunue. Hili linathubutu, na nalivulia kofia.

Usisome aya hiyo kwenye warsha. Inaeleweka.

Nne, nenda ukanunue hiyo urea. Kwa mtu wa Kampala njia zote za pembejeo huishia Container Village, pale katikati ya mji kwenye msongamano wa Nakivubo, ambako duka la mbegu limebanana na duka la dawa za kupulizia nalo limebanana na la pampu. Utamwona kijana amefungua mfuko, anachota punje nyeupe kwa kopo la mafuta ya kupaka, anamimina kwenye kaveera, anapima kwa macho kisha kwa mizani, kwa mpangilio huo. "Ssebo, hii ni orijino, imeingia jana." Hujawahi kusikia mbolea iliyoingia juzi. Chukua chembe chache ukazisugue kwa vidole. Zikiwa zimeshikana madonge, utakunja uso kama mnunuzi mzoefu na kuomba punguzo.

Kihisi chako kinasoma jani, hakisomi mfuko. Mwaka 2017 Tessa Bold, Kayuki Kaizzi wa maabara ya Kawanda na wenzao walichapisha utafiti wa masoko ya Uganda uliokuta mbolea ya madukani imepungukiwa naitrojeni kwa asilimia 30 hivi kwa wastani. Rudi kwenye hesabu yetu. Urea ya asilimia 46 ikishuka hadi 32, zile kilo 42 kwa ekari zinakuwa 60. Umepima kwa miale ya infraredi, umekokotoa hadi desimali ya pili, halafu kopo la mafuta limeongeza kilo 18 zake. Lakini usikimbilie kumlaani kijana wa dukani. Utafiti mwingine, wa Hope Michelson na wenzake uliotoka 2021 kuhusu Morogoro, Tanzania, ulikuta urea ya madukani ni nzima. Wakulima ndio walioamini ni mbovu, na madonge yale ya unyevu yakiwathibitishia. Kenya nayo mwaka 2024 ikatikisika kwa magunia yaliyouzwa kama mbolea ya ruzuku ilhali ndani hamna mbolea. Kwa hiyo mfuko unaweza kuwa mbovu na ukaonekana mzuri, au ukawa mzuri ukaonekana mbovu. Katika bajeti ya mradi, hili huitwa "changamoto za mnyororo wa thamani" na hutengewa mstari mmoja.

Tano, lile neno "inaweza". Ngano hupauka rangi kwa sababu nyingi: maji yaliyotuama, salfa iliyopungua, ukame, magonjwa. Kihisi huziona zote kama namba ndogo. Na nchi yetu ina historia hapo. Katika dunia ya ngano jina la Uganda halikusikika kwa mavuno. Lilisikika kwa kutu. Mwaka 1998 katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, vilima vya Kabale, William Wagoire alikuta kutu ya shina imeshambulia ngano iliyokuwa na kinga ambayo dunia nzima iliitegemea. Sampuli zikapelekwa Afrika Kusini kwa Zacharias Pretorius, na aina hiyo mpya ikaitwa Ug99: Uganda, 1999. Ikavuka hadi Kenya na Ethiopia, Yemen ikaonekana 2006, Iran 2007, na Borlaug, akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini, akarudi jukwaani kupiga kengele. Sasa mtaalamu wangu, ukisimama Kigezi na bastola yako ikasoma 0.50, usikimbilie kumwaga urea kabla hujainama na kupapasa shina. Ukikuta unga wa rangi ya matofali umebaki vidoleni, naitrojeni itakachofanya ni kunenepesha majani na kuwaandalia wageni kivuli. Kuinama ni bure, ila hakuna mradi ulioandikwa kwa ajili ya kuinama.

Mkulima wa Sebei, eneo hilohilo la Kapchorwa, naye huenda asiwe na ngano. Wengi kule hulima shayiri kwa ajili ya viwanda vya bia, mmoja wao hapo hapo Luzira. Huyo mambo yake ni kinyume. Mwoka mikate anataka ngano yenye protini, na naitrojeni ya ziada humfurahisha. Mpika bia anataka shayiri yenye protini kidogo, na aliyezidisha urea anaweza kurudishiwa lori zima. Shamba likawa zuri, la kijani, namba ikapanda mpaka 0.85, na mzigo ukakataliwa getini. Kabla ya kutoa ushauri, muulize mzee amepanda nini. Usione haya, wengine hawakuuliza.

Kuhusu setilaiti nitapita haraka, kama zinavyopita zenyewe. Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha bure kila baada ya siku tano, na kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10. Shamba la nusu ekari ni nukta 20, ukitoa zile za pembezoni zilizochanganyika na migomba ya jirani zinabaki chache za kuhesabia vidole. Na msimu wa mvua, ambao ndio msimu wa ngano, Elgon amejifunika blanketi la mawingu. Weka picha moja kwenye jalada la ripoti.

Sita, na hapa uwe mkali: epuka vitu rahisi. Kuna kadi ya plastiki yenye mistari ya kijani kuanzia kilichopauka hadi kilichokolea, iliyosambazwa kwa wakulima wa mpunga wa Asia na taasisi ya IRRI ya Ufilipino, na ikapelekwa hata kwenye ngano. Mkulima hulipa jua mgongo ili kivuli chake kiifunike kadi, huweka juu yake jani changa lililokwisha kukunjuka, hulinganisha rangi, basi. Haina betri. Haifyatuliwi. Ukiipeleka kwa mfadhili atadhani ni kadi ya duka la rangi za nyumba.

Hatari zaidi ni ile kazi ya Kaizzi wa Kawanda na Charles Wortmann wa Nebraska kupitia mradi wa OFRA, ulioendeshwa katika nchi 13 za Afrika. Wao waliuliza swali la aibu: mkulima ana pesa kidogo na mazao kadhaa, shilingi yake ya mbolea aiweke wapi imrudishie zaidi? Wakatengeneza jedwali la kompyuta la kujibu hilo, kwa kufuata kanuni kwamba kilo za kwanza za mbolea ndizo zenye faida kubwa na za mwisho ndizo zenye faida ndogo. Mkulima wa Uganda bado yuko kwenye kilo za kwanza. Kihisi kilitengenezwa kwa ajili ya kilo za mwisho. Ukimruhusu mtu wa Kawanda azungumze dakika kumi, washiriki watataka kurudisha vihisi. Mpe nafasi ya saa kumi na moja jioni, wakati wa kusaini karatasi ya nauli.

Kinachobaki ni ripoti. Iwe na picha tatu: wewe na kihisi, mzee na kihisi, kihisi peke yake. Ule ukanda wa mita 2 kwa 20 usiuweke kwenye mahesabu, kwa sababu kilo ya urea ya kwenye kaveera haina risiti na mhasibu atasumbua. Sema wakulima 40 wamefundishwa, maana ndio walioketi. Utakuta jambo moja la kuudhi wakati wa kukusanya mavuno: jirani wa mzee, ambaye hakualikwa Munyonyo wala hajashika kihisi, aliuona ule mstari wa kijani akiwa upande wake wa ua, akanunua makaveera yake, akajitengenezea mstari msimu uliofuata, akaona tofauti, akanunua mfuko mmoja kwa ekari yake moja, akavuna. Usimfute. Mwandike ukurasa wa mwisho chini ya "wanufaika wasio wa moja kwa moja", chukua namba yake ya simu, na umpangie awe mfano wa awamu ya pili, ambayo itahitaji vihisi vingine vitano.